Bima ya gari ukishastaafu: namna ya kupunguza gharama na kuchagua nyongeza

Wazee wangu, shikamooni.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kaunta ya wakala wa bima hapa Dar es Salaam, na maswali ya wastaafu ni yale yale. "Nina miaka sitini na saba, sijawahi kumgonga mtu, mbona nalipa sawa na kijana?" "Mwanangu kaniambia niongeze hiki na kile, ni vya lazima?" "Gari limechakaa, nihamie bima ndogo?" Nimeyapanga majibu hapa kama ambavyo ningekuelekeza tungekuwa tumekaa meza moja. Mwongozo huu ni wa gari binafsi, Tanzania Bara.

Nianze na lile la kwanza, maana lisipojibiwa utahangaika bure. Hapa kwetu umri mkubwa haushushi ada ya bima. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka kiwango cha chini: asilimia 3.5 kwa gari binafsi. Bima ndogo, ile inayofidia watu wengine tu, ni shilingi 100,000 kabla ya VAT kwa gari dogo la binafsi. Kwa hiyo kuzunguka ofisi kumi ukitafuta atakayekushushia chini ya hapo ni kujichosha. Akiba yako ipo kwenye mambo matatu: thamani unayoandikisha, nyongeza unazolipia, na eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa.

Andaa hivi kwanza

- Kadi ya gari na leseni yako. Angalia tarehe ya mwisho ya leseni leo hii, usingoje.
- Hati nzima ya bima ya mwaka uliopita, yenye kurasa za masharti. Stika peke yake haitoshi. Kama hukupewa hati, idai, ni haki yako.
- Namba ya NIDA na TIN.
- Picha za gari: mbele, nyuma, pande zote mbili, na dashibodi ikionyesha kilomita.
- Kadi ya bima ya afya, kama unayo.
- Barua ya kampuni yako ya sasa ikieleza miaka mingapi hujadai fidia. Utaihitaji ukihama.
- Miwani ya kusomea. Maandishi ya masharti ni madogo, na ndiyo yanayoamua kama utalipwa.

Mwanao au mjukuu akikusaidia kujaza fomu kwenye simu ni vizuri, lakini majibu yatoke kwako, na usome kabla ya kukubali.

Hatua

1. Anza mwezi mmoja kabla bima haijaisha.
Ukianza siku ya mwisho, utachukua chochote utakachopewa. Mwezi mmoja unatosha kulinganisha, kupiga picha, hata kumpeleka mkaguzi alione gari.

2. Tafuta thamani ya leo ya gari lako.
Hapa ndipo fedha nyingi za wastaafu zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo. Mzee anakuja, anasema, "Weka kama mwaka jana." Gari aliloandikisha kwa milioni 20 miaka minne iliyopita sasa linauzwa milioni 14. Asilimia 3.5 ya milioni 20 ni 700,000. Ya milioni 14 ni 490,000. Tofauti ni 210,000 kila mwaka, kabla ya VAT, na haimnunulii chochote. Gari likiibiwa, kampuni hulipa bei ya soko ya siku hiyo, haiangalii namba kubwa uliyoandika.

Fanya hivi: tafuta matangazo matatu au manne ya gari la aina yako, la mwaka ule ule, lenye injini ya ukubwa ule ule na hali inayofanana. Kumbuka hiyo ni bei ya kuanzia na mnunuzi ataishusha. Muulize na fundi wako, maana yeye huona magari yakiuzwa. Chukua bei ya katikati. Kwa gari la bei kubwa kama Land Cruiser Prado, ripoti ya mthamini inafaa, kwa sababu mabishano ya thamani huko mbele ni ya mamilioni.

Tahadhari: usiishushe thamani makusudi ili ulipe kidogo. Tuseme gari ni la milioni 20, wewe umeandika 12. Umepata ajali, matengenezo ni milioni 5. Kampuni itasema umekatia bima sehemu tatu kati ya tano za gari, basi itakulipa sehemu tatu kati ya tano za hasara: milioni 3, na bado eksesi haijakatwa. Hilo likiwa kwenye masharti ya hati yako ni halali, na hutalishinda.

3. Amua: kubwa, ndogo, au ya katikati.
Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari barabarani awe na bima ya kuwafidia wengine atakaowaumiza au kuwaua. Kwa hiyo zile 100,000 utazitoa tu, utake usitake. Kinachobaki ndiyo bei ya kulinda gari lako mwenyewe. Kwa gari la milioni 14, ni 490,000 kutoa 100,000, yaani 390,000 kwa mwaka. Andika namba yako hivyo, kisha jiulize: gari hili likipotea usiku wa leo, nitanunua lingine kwa fedha gani?

Mtu mwenye mshahara anaweza kukopa SACCOS na kuanza upya. Wewe una pensheni ya mwezi. Kama jibu lako ni kugusa kiinua mgongo au kuuza kiwanja, baki na bima kubwa, hata kama ada inauma. Kama gari ni la thamani ndogo na safari zako ni sokoni, msikitini au kanisani, bima ndogo inatosha, mradi ile tofauti uiweke benki kila mwaka iwe fungu la matengenezo. Wanaohamia bima ndogo na kuitumia tofauti hiyo huja kujuta.

Ipo pia ya katikati: bima ndogo ikiongezwa moto na wizi. Watu wengi hawaiulizii, nami naona ingewafaa wengi. Kwa IST au Vitz ya zamani inayolala nje ya geti, hofu yako kubwa ni kuamka usilikute. Hiyo ndiyo hofu bima hii inayoibeba.

Gari likiwa na miaka mingi sana, baadhi ya kampuni zitakataa kukupa bima kubwa, au zitataka likaguliwe kwanza. Nyingine zina kima cha chini cha ada ya bima kubwa, hivyo kwa gari la milioni nne au tano hesabu ya asilimia 3.5 haitafuatwa, utalipa kima hicho. Uliza mapema.

4. Sema ukweli wa matumizi, madereva na afya.
Wastaafu wengi humkabidhi kijana gari alifanyie teksi ya mtandao ili walau lilete hela ya mafuta. Si vibaya, lakini siku hiyo hiyo gari limeacha kuwa la binafsi. Likipata ajali likiwa na abiria wa kulipa, bima ya binafsi haitalipa. Badilisha bima kwanza, ndipo umpe ufunguo.

Taja wote wanaoliendesha, na hakikisha kila mmoja ana leseni hai ya daraja linalofaa.

Sasa la afya. Fomu huuliza kuhusu macho, kisukari, kifafa, moyo. Wazee huficha kwa kuogopa kukataliwa. Nakusihi, usifiche. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa na mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji. Binti yake akamjazia "hakuna" kote, kwa nia njema tu. Tulirekebisha kabla ajali haijatokea, namshukuru Mungu. Kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba ulificha jambo kubwa, ina haki ya kukataa dai lote. Nenda ukapime macho kabla ya kuhuisha bima, upate miwani sahihi, na ukiona taa za magari ya mbele zinakusumbua, acha kuendesha usiku. Hakuna nyongeza ya bima inayoshinda hilo.

5. Pitia nyongeza moja moja, ukiuliza maswali matatu.
Kipengele hiki kimo tayari ndani ya bima kubwa au nakilipia pembeni? Kinalipa hadi shilingi ngapi? Kina ukomo wa umri? Kwa kuwa ada ya msingi inafanana, kampuni hushindana kwa kukuwekea vipengele ndani bila malipo. Tofauti kati ya kampuni na kampuni iko hapa.

*Ajali binafsi ya dereva.* Hulipa ukifa au ukipata ulemavu ukiendesha. Soma ukomo wa umri kwa makini: hati nyingi huishia miaka 65 au 70. Tuseme ukomo ni 70 nawe una miaka 72: umekilipia miaka miwili, na kisingekulipa kitu. Ama kiondolewe, ama kampuni ikuandikie kwamba imekubali umri wako. Neno la mdomo la wakala halitoshi.

*Gharama za matibabu.* Kiwango chake huwa kidogo. Kama una kadi ya bima ya afya, yako ya ustaafu au ya kupitia mtoto wako, achana nacho.

*Kioo cha mbele.* Chukua, hasa kama unasafiri barabara kuu. Malori ya Morogoro na Dodoma hurusha kokoto kila siku. Uliza kama kudai kioo kunagusa punguzo lako la kutodai fidia, yaani nafuu ya ada anayopewa asiyedai.

*Vifaa vya gari.* Saiti mira, taa, redio, swichi za vioo. Kwa Dar es Salaam hivi ndivyo vinavyoibwa kuliko gari zima. Hati nyingine hukataa wizi wa kifaa kimoja kimoja mpaka kiongezwe kwa maandishi. Ukiegesha ndani ya geti na hukai mjini muda mrefu, unaweza kukiacha.

*Mafuriko.* Mara nyingi kimo ndani ya bima kubwa, lakini hakikisha kimeandikwa, hasa kama njia yako hupita bonde la Jangwani, hapa Dar es Salaam. Hata kikiwemo, usiingize gari kwenye maji kwa kujua. Injini ikinyonya maji kwa sababu ulijaribu kuvuka, utajibiwa kwamba ulizembea.

*Fujo, migomo na machafuko ya kisiasa.* Hivi huandikwa kama vipengele viwili tofauti: fujo na migomo hapa, machafuko ya kisiasa na ugaidi pale. Mtu huona kimoja akadhani vyote vimo. Soma yote mawili.

*Kuvutwa na msaada wa barabarani.* Hiki nakipendekeza kwa wazee wote. Kubadilisha tairi saa mbili usiku nje ya Chalinze ukiwa na miaka sabini na mgongo unauma si jambo la kujaribu. Uliza huduma inafika wapi: Dar es Salaam tu, au hata ukiwa njiani kwenda Moshi au Songea?

*Gari mbadala wakati lako liko gereji.* Wastaafu wengi hawalihitaji. Isipokuwa kama wewe au mwenzako mna kliniki isiyokosekana, mfano kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Hapo kichukue bila kusita.

*Abiria.* Kama unabeba wajukuu kwenda shule au wanakwaya kwenda msibani, uliza wazi: watu wa familia yangu wakiumia ndani ya gari langu wanafidiwa? Pata jibu kwa maandishi.

*Safari za nje.* Ukivuka Namanga au Tunduma utahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Inafidia watu wa huko utakaowaumiza, na si gari lako. Ikate kwa ajili ya safari, usiilipie mwaka mzima kwa ziara moja ya harusi.

6. Elewa eksesi kabla ya kulipa.
Hutajwa kama asilimia ya dai pamoja na kima cha chini. Tuseme hati yako inasema asilimia 10, si chini ya 300,000. Umekwaruza bampa, fundi anataka 400,000. Kampuni itakupa 100,000, na utapoteza punguzo lako la kutodai. Hilo lipe mfukoni. Matengenezo yakiwa milioni 6, eksesi ni 600,000, na hapo ndipo bima inakuwa na kazi. Ukiwa na fungu la akiba, kukubali eksesi kubwa kidogo kwa ada nafuu kunaweza kukufaa. Huna akiba? Uliza kama inauzwa nyongeza ya kufuta eksesi, na ulinganishe bei yake.

Tazama pia kama ipo eksesi ya wizi na kama inapungua ukifunga kifaa cha kufuatilia gari. Kifaa kina gharama ya mwaka, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

7. Omba makadirio matatu kwa maandishi.
Mpe kila mmoja taarifa zile zile: thamani ile ile, matumizi yale yale, nyongeza zile zile. Chora jedwali kwenye daftari: ada, VAT, eksesi, nyongeza zilizo ndani, nyongeza za kulipia, ukomo wa umri, punguzo la kutodai, na gereji wanazotumia. Ukiwapa taarifa tofauti, utalinganisha embe na chungwa.

8. Lipa kwa njia rasmi, kisha hakiki.
Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni yenyewe. Usimtumie mtu kwenye simu yake binafsi, hata akiwa jirani unayesali naye. Bima haitolewi kwa mkopo: ada isipolipwa, bima haijaanza.

Kisha, siku hiyo hiyo, ingia TIRA MIS, mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, kwenye simu au mwombe kijana akuingizie, uandike namba ya gari. Linganisha jina, namba ya usajili, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vishoka bado wapo, na huwapenda wazee kwa sababu wanajua hawatahakiki.

9. Weka kumbukumbu mahali pawili.
Nakala moja ndani ya gari ikiwa na namba ya simu ya dharura ya kampuni kwa maandishi makubwa, nyingine nyumbani. Mwonyeshe mwenzako ilipo.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kudhani bima ndogo itatengeneza gari lako. Haitengenezi hata taa.

Gari kubaki kwenye jina la mtoto aliyelinunua, huku bima ikiwa kwa jina la mzazi. Siku ya kudai, kadi inasema hivi na hati inasema vile. Hamisheni umiliki TRA, au bima ikatwe kwa jina lililo kwenye kadi na wewe utajwe kuwa dereva.

Kuacha leseni iishe muda kwa sababu "siku hizi siendeshi sana". Leseni iliyokufa huua dai.

Kumlipa uliyemgonga papo hapo na kukiri kosa ili mambo yaishe. Moyo ni mzuri, lakini hati nyingi zinakataza kukubali lawama bila idhini ya kampuni. Msaidie majeruhi, ita trafiki, piga picha, ipigie kampuni.

Kuanza matengenezo kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona gari.

Mambo yakikwama

*Kampuni inakataa kunipa bima kubwa kwa sababu ya umri wangu au wa gari.* Omba sababu kwa maandishi, na ujaribu nyingine, maana masharti hayafanani. Kama tatizo ni gari, omba ukaguzi. Kama ni macho au afya, cheti cha daktari husaidia.

*TIRA MIS haionyeshi bima yangu.* Rudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo ukiwa na risiti. Kosa linaweza kuwa herufi moja ya namba ya gari. Mpaka lionekane, liache gari nyumbani.

*Wamekata fedha kwa ajili ya uchakavu.* Kipuri kipya kikifungwa kwenye gari la zamani, kampuni inaweza kukutoza sehemu ya thamani iliyoongezeka. Angalia kama kifungu hicho kimo kwenye hati na kinataja kiwango gani. Kama hakimo, andika barua ya kupinga.

*Nimegongwa na mwenye bima ndogo.* Kampuni yake ndiyo ya kukulipa. Chukua namba ya gari lake, hakiki bima yake hapo hapo, pata ripoti ya polisi, na fuatilia kesi ya trafiki, kwa sababu kampuni nyingi hutaka kuona hukumu kabla ya kulipa. Huchukua muda. Kama una bima kubwa, ni rahisi zaidi kudai kwako na kuiacha kampuni yako imfuate.

*Nimelipia nyongeza ambayo umri wangu hauruhusu.* Andika barua ukiambatanisha fomu inayoonyesha tarehe yako ya kuzaliwa. Waliipokea ada wakijua umri wako, kwa hiyo dai irudishwe.

*Dai langu linazungushwa.* Usiishie kupiga simu. Andika malalamiko kwa kampuni, pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uweke tarehe. Wasipojibu au jibu lisiporidhisha, peleka nakala hizo TIRA, ambayo ina ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na hati, risiti, ripoti ya polisi na barua zako zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.